Pratinkoli wa Bukini, mlango wa Sabaki: Agosti au Desemba, na nisimame wapi?

Mgeni wa Takaungu

Hamjambo wanabaraza. Naomba mwongozo kwa wanaoujua vizuri mlango wa mto Sabaki, hapo kaskazini ya Malindi. Namtafuta ndege mmoja tu: pratinkoli wa Bukini, Glareola ocularis, anayezaliana Madagaska kisha akavuka bahari kuja kupumzika pwani yetu. Maandishi mengi yanamwita mgeni wa majira ya baridi, na hapo ndipo ninapopotea. Baridi ya wapi? Ya Ulaya, yaani Desemba, au kipupwe chetu?

Nina nafasi mbili: siku nne katikati ya Agosti, au wiki nzima mwisho wa Desemba. Nitalala Malindi mjini na sina gari. Ninayo darubini ya 10x42, skopu (darubini ndefu ya jicho moja) ya kukuza mara 20 hadi 60, na stendi nyepesi ya miguu mitatu.

Kwa hivyo: mwezi upi, ukingo upi wa mto, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na nitamtenganisha vipi na mwenzake mwenye mkufu kooni? Halafu hili la viboko. Kweli wapo mpaka pale mto unapokutana na bahari?

Binti Mambrui

Agosti. Desemba ifute kwa ajili ya ndege huyu, maana wakati huo yuko kwao analea makinda.

Baridi inayotajwa ni ya kusini mwa dunia. Kwetu ndiyo kipupwe. Huku anaanza kuonekana Aprili kusi inaposhika, na hukaa hadi Septemba. Agosti na mwanzo wa Septemba ndipo makundi ya Sabaki yanapokuwa makubwa, mamia kwa mamia, na mwaka ukiwa mzuri ni maelfu. Septemba ikielekea kwisha wanapungua siku hadi siku, na Oktoba unaweza kukuta mchanga mtupu na buabua wachache.

Likizo ya Desemba usiitupe lakini. Huo ni msimu wa kaskazi na wageni wa upande wa pili: vitwitwi na sululu kutoka Siberia, na katika hori ya Mida, karibu na Watamu, yule mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola, anayezaliana pwani na visiwa vya upande wa Arabuni. Hiyo ni safari nyingine.

Kufika ni rahisi. Panda matatu ya Gongoni au Marereni, mwambie utingo akushushe ukishavuka daraja la Sabaki. Tuktuk pia hufika. Patana bei ya kwenda na kurudi, na sehemu kubwa ya malipo ibaki mpaka arudi kukuchukua, la sivyo jioni utajikuta darajani unapungia mkono kila gari. Kutoka barabarani unashika njia ya kijijini kuelekea baharini. Ulizia hapo kijana wa kukuongoza, wapo wanaoijua kazi. Mwendo ni nusu saa au zaidi kidogo, kutegemea mto umeamua kupita wapi mwaka huo.

Hilo la mwisho silisemi kwa mzaha. Sabaki ni mto ule ule uitwao Athi huko juu na Galana njiani, na unashuka na udongo wa bara wote. Kila masika mafuriko yanakata njia mpya kwenye fungu la mchanga na kuziba ya zamani. Ndiyo maana ufuo wa Malindi unazidi kupanuka na bahari yake kuwa nyekundu mvua zikinyesha bara. Picha ya setilaiti ya mwaka juzi itakuelekeza mahali ambapo sasa ni maji.

Ukingo: wa kaskazini. Mwezi wa Agosti jua letu liko upande wa kaskazini, hata adhuhuri haliko utosini kamili. Ukiwa kaskazini ukitazama kusini, mwanga unatoka nyuma yako. Ukitembea kwa miguu kutoka Malindi kwa ufuo wa kusini utafika pia, tena bila nauli, lakini utakuwa unatazama kuelekea jua, na ndege wa hudhurungi mbele ya jua wote ni weusi.

Viboko wapo kweli. Ngoja wazee waseme.

Nahodha Maji Mafu

Binti amesema vyema, nami nina mahali pa kumrekebisha, nitafika huko.

Kwanza maji. Kanuni ya wavuvi ni hii: wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata kujaa kunachelewa dakika hamsini hivi. Kwa hesabu hiyo, tarehe 4 hadi 6 za mwezi wa kuandama, na tena tarehe 18 hadi 20, maji hujaa baina ya saa moja na saa tatu asubuhi. Hizo ndizo asubuhi zako, mwanangu. Kama siku zako nne zinakwepa zote, bado utamwona, ila utatembea zaidi. Thibitisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Malindi haipishani nalo ila dakika chache.

Sababu ni kwamba maji yanapopanda yanafunika mafungu ya chini moja baada ya jingine, na ndege waliotawanyika wanasogezwa wakae pamoja kwenye lile la juu lililobaki. Wewe huendi kwao, bahari inawaleta. Maji yakikupwa sana kundi lile lile linaweza kuwa kilomita nzima ng'ambo ya tope, nukta tupu. Lakini usichague kilele cha bamvua pia. Maji yakipita kiasi hayaachi fungu hata moja, na pratinkoli, ambaye hana shida ya kukaa nchi kavu, anaondoka kwenda kulala nyuma ya matuta au kwenye malisho, ambako hutamtafuta.

Fika kwenye matuta nusu saa kabla maji hayajaanza kufunika mafungu ya kati, keti, usiondoke. Anayefika maji yamejaa tayari anawakuta wamekwisha kutulia, kisha yeye ndiye anayewarusha.

Sasa marekebisho. Ukingo wa kaskazini una mwanga, sikatai. Lakini kusi inavuma kutoka kusini, na ndege anayekaa chini hugeuzia upepo uso, asije akapeperushwa manyoya. Ukisimama kaskazini yao unatazama migongo mia tatu. Tumbo la kutu huoni, koo huoni, na mchanga wote unaopeperuka unakuingia machoni wewe na lenzi yako. Basi vuka na ukae ukingo huo huo wa kaskazini, ila usiwe nyuma yao: sogea ubavuni. Asubuhi kaa upande wa bahari ukitazama bara, jua liko mgongoni na ndege wanakupa ubavu. Baada ya adhuhuri hamia upande wa bara ukitazama bahari. Kuzunguka huko fanya kwa mbali, nyuma ya tuta, si mbele ya macho yao.

Viboko. Wapo mlangoni, na usiku wanatoka majini kwenda kula majani, alfajiri wanarudi kwa vijia vyao kwenye matete. Hatari kubwa ni kuwa kati ya kiboko na maji. Kwa hivyo usipite kwenye matete kabla jua halijatoka na kuonekana vizuri, na jioni uwe umekwisha kupanda tuta la wazi kabla ya saa kumi na mbili. Kijia chenye majani yaliyolazwa pande mbili na kinyesi kilichotapanywa vichakani ni chake, si cha ng'ombe. Na mto usiuvuke kwa miguu hata maji yakionekana ya magoti. Kina hakionekani katika maji ya rangi ile.

Mgeni wa Takaungu

Shukrani dada, na shikamoo mzee. Nimeelewa maji na upepo. Swali moja: nikifika nisogee karibu kiasi gani? Na je, nikikosa asubuhi, jioni kuna faida?

Ndege Juu

Mimi nasema nenda saa sita au saba mchana, maana hao hula wakiruka kama mbayuwayu, utawaona juu ya mto bila kutembea popote.

Unyoya

Hapana ndugu. Anakula angani, hilo ni sawa, ila mchana mkali amelala chini. Anawinda wadudu asubuhi mapema na tena jua linapoelekea kuzama, na baada ya mvua fupi ya kusi wadudu wanapotoka. Unaowaona juu ya mto saa sita mara nyingi ni mbayuwayu wenyewe, au buabua wadogo. Kosa la watu wengi ni hilo hilo: wanapepesa macho angani kutwa nzima na ndege yuko chini mita mia mbili mbele yao.

Akilala anafanana na donge la tope au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na ng'ombe pia wapo pale. Usitafute ndege. Tafuta madonge yaliyopangana, yote yameelekea upande mmoja wa upepo. Pitisha darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwenye ukanda wa mchanga ulio juu kidogo ya maji, kisha rudia kinyume. Mara ya pili ndiyo inayoona, kwa sababu donge moja litakuwa limegeuza kichwa.

Dalili zake akiwa ameketi: ukubwa wa sentimita 23 hadi 25, miguu mifupi. Mgongo wa hudhurungi iliyoiva, utosi mweusi zaidi ya mgongo. Chini ya jicho na nyuma yake kuna mstari mweupe mfupi, na huo ndio wa kwanza kuutafuta, unaonekana hata kwa mbali mwanga ukiwa wa ubavuni. Kifua ni hudhurungi, chini yake kuna ukanda wa rangi ya kutu, kisha tumbo jeupe. Mdomo mweusi wenye wekundu kwenye shina. Ncha za mbawa zinapita mkia kwa wazi, kwa sababu mkia wenyewe ni mfupi.

Yule wa mkufu, Glareola pratincola, ana koo la rangi ya malai lililozungushiwa uzi mweusi. Huo ni rahisi. Taabu ni kwamba nje ya msimu wa kuzaliana, na kwa wachanga, mkufu unafifia ukabaki madoa tu, na hapo watu wanamwandika wa Bukini kwa kuwa hawakuona mkufu. Kutoona mkufu si ushahidi. Ushahidi ni kuona mstari mweupe wa jicho na mkia mfupi.

Wakiruka mambo yanakuwa wazi zaidi. Wote wawili wana rangi ya kutu chini ya bawa na kiuno cheupe, kwa hiyo hivyo viwili havikusaidii. Tazama ukingo wa nyuma wa bawa: wa mkufu ana mstari mweupe ukingoni, wa Bukini hana. Tazama mkia: wa mkufu umepasuka sana kama wa mbayuwayu, wa Bukini una mpasuko mdogo tu. Ukipata viwili hivi kwa ndege mmoja, andika bila wasiwasi. Ukipata kimoja, andika "pratinkoli" uishie hapo.

Jioni ina faida hiyo hasa, kumwona akiruka. Kuanzia kama saa kumi na moja kundi linaanza kuinuka kwa vipande na kuelekea juu ya vichaka na mashamba. Ila kumbuka aliyosema Nahodha kuhusu saa kumi na mbili.

Binti Mambrui

Nahodha, nimekubali la ubavuni. Niongeze tu kwamba upande wa bahari maji yanapopanda unaweza kujikuta kwenye fungu linalogeuka kisiwa. Kabla hujaketi angalia nyuma yako kama kuna mkondo mdogo, na weka kijiti pembeni ya maji. Kijiti kikifikiwa, ondoka, hata kama ndege ndiyo kwanza wanageuka vizuri.

Kuhusu kukaribia. Simama kwanza mita 200. Usitembee moja kwa moja kuelekea kundi. Tembea kwa mshazari kana kwamba unapita zako, hatua kumi na tano au ishirini, simama, keti, hesabu mpaka mia. Kwenye mita 100 hivi skopu yako inatosha kuona kila unyoya, hakuna sababu ya kuzidi hapo. Mtu aliyeketi anavumiliwa kuliko aliyesimama, na wawili walioketi bega kwa bega ni afadhali kuliko wawili walioachana, kwa sababu walioachana wanaonekana kama wanazingira.

Dalili za kwamba umezidi: vichwa vinainuka pamoja, kisha wanaanza kutembea hatua chache kuelekea upepo, kisha wawili watatu wa pembeni wanaruka na kutua tena. Hiyo ya tatu ndiyo ya mwisho. Rudi nyuma, usingoje. Wakisharuka wote, usiwafuate. Keti pale pale bila kusogea robo saa. Mara nyingi wanazunguka na kushuka karibu na walipokuwa. Ukiwafuata wanahamia ng'ambo na umeharibu siku yako na ya atakayekuja baada yako.

Wakati mwingine wanaruka wote ghafla na wewe hujajongea. Tazama juu, kuna kipanga.

Mavazi: kijivu, kaki, kijani kilichofifia. Kanzu nyeupe na leso ya manjano ni za harusini. Lakini pia usijifiche kwa nguo za madoadoa ya jeshi, kwa raia ni kosa kisheria hapa Kenya na zitakuletea mazungumzo marefu barabarani. Na usije na droni: mbali na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikipita mara moja tu juu ya fungu, kila kiumbe chenye mbawa kimeondoka.

Fundi Lenzi

Nakuja kwenye vifaa maana hakuna aliyeuliza na ndipo safari nyingi za Sabaki zinapofia.

Stendi nyepesi kwenye kusi ni adui. Ukiinyoosha miguu yote na kusimama, picha inatetemeka kiasi kwamba kwa 60 huoni hata kichwa kiko wapi. Usiinyooshe. Panua miguu kwa upana, iwe chini kabisa, ketini mchangani, chomeka ncha sentimita kumi ndani. Tundika mkoba wenye chupa za maji katikati ya stendi, ila ugusane na ardhi. Mkoba unaoning'inia hewani unageuka pendulo na kuzidisha mtikisiko. Kaa wewe upande wa upepo, mwili wako ndio ukuta.

Ukuzaji: anza 20 kutafuta, panda hadi 25 au 30 kutambua. Zaidi ya hapo baada ya saa nne asubuhi ni kupoteza muda. Mchanga ukishapata joto hewa juu yake inacheza, ni mazigazi, na ukikuza ndege unakuza na mazigazi. Watu wanadhani lenzi imeharibika, wanaikaza na kuilegeza mpaka wanaichosha. Lenzi ni nzima, hewa ndiyo mbovu. Subiri wingu, au tazama ukiwa juu ya tuta ili mwono wako usipite sentimita chache juu ya mchanga. Upepo nao ni mpole zaidi mapema asubuhi, kwa hiyo sababu zote zinakusukuma kule kule.

Picha kwa simu kupitia skopu: tumia kishikio cha kufungia simu, usiishike kwa mkono. Weka kipima muda cha sekunde mbili, au chukua video fupi halafu toa picha kutoka humo. Kwa ndege anayeruka, video ndiyo tumaini lako pekee la kuonyesha ukingo wa bawa.

Mchanga na chumvi. Lenzi ikiingia mchanga usiifute kwa shati. Chembe moja chini ya kitambaa inachora duara ambalo halitoki tena. Puliza kwa kipulizio cha mpira, sio kwa mdomo, pumzi ina mate. Kisha brashi laini. Mabaki ya chumvi yanatoka kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Jioni pangusa mwili wa skopu na viungo vya stendi kwa maji baridi, kausha, na uviache wazi chumbani badala ya kuvifungia mkobani. Unyevu wa pwani ndani ya mkoba uliofungwa ndio unaozaa ukungu kwenye vioo. Kama una vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, viweke kwenye kisanduku chenye mfuniko usiopitisha hewa pamoja na darubini.

Lenzi ya mbele ibaki na kifuniko unapotembea. Inachosha kufungua na kufunga, najua.

Nahodha Maji Mafu

Nimesahau tope. Ukingoni mwa mto kuna mahali panaonekana pagumu na pameng'aa kidogo. Hapo ndipo penyewe. Jaribu kwa fimbo kabla ya mguu. Buti za mpira ziache nyumbani, tope linazinyonya na ukivuta mguu unatoka mtupu. Viatu vya kamba vilivyobana au miguu mitupu. Ukizama hadi gotini, usijivute kwa nguvu za mguu mmoja maana wa pili utazama zaidi. Kaa matakoni, egemea nyuma, tikisa mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni yake, utoe mmoja, kisha mwingine, urudi ulikotoka. Skopu itupe kando mapema, usiiegemee. Na kwenye maji ya kina kifupi buruta nyayo, usizinyanyue, samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga na mwiba wake unauma siku nzima.

Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu. Kipupwe kinadanganya, upepo ni baridi na jua linachoma vile vile.

Mwamu wa Shela

Salamu kutoka Lamu. Msitusahau na sisi wa huku. Kuna watakaouliza kwa nini wasije Lamu badala ya Sabaki, kwa kuwa na huku mtanga upo, matuta ya Shela kilomita nyingi. Jibu ni kwamba mtanga peke yake hautoshi. Huyu ndege ataka tope, maji ya mto, na vichaka vya wadudu karibu, na Shela mto haupo. Apita, aonekana mmoja mmoja, lakini kundi la kutegemea liko Sabaki. Hata delta ya Tana ambayo ina kila kitu ni kubwa mno kwa mtu wa siku nne asiye na mashua.

Ila kuna jambo moja la kipupwe kwa watakaofika huku hata hivyo. Miezi hiyo hiyo, Juni hadi Oktoba, buabua wanazaliana kwenye visiwa vidogo vya mawe upande wa Kiunga, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1979. Nahodha wa mashua akikwambia atakushusha kisiwani uone kwa karibu, kataa. Mzazi akiinuka kwenye yai saa tano, jua lalipika, na shakwe yuko ubavuni angoja. Tazama kutoka mashuani, ukiwa mbali, na mashua isizunguke kisiwa. Hapo mato yatosha, hata darubini ya mikono yatosha.

Mgeni wa Takaungu

Nimepiga hesabu ya mwezi: siku zangu mbili za kwanza zinaangukia tarehe 19 na 20 za mwezi wa kuandama. La mwisho, nikiwapata, niwahesabu vipi kundi likiwa kubwa, na niziandike wapi?

Unyoya

Umebahatika na tarehe. Siku ya kwanza itumie nzima kutafuta fungu lao, ya pili ndiyo ya kuketi.

Kuhesabu: wakiwa wameketi, hesabu kumi halisi, mmoja mmoja. Angalia kumi hao wanachukua upana gani kwenye skopu, kisha pima kundi zima kwa upana huo. Kwenye kingo ambako wamekaa mbalimbali pima upya, kwa sababu katikati wamebanana na pembeni wametawanyika. Anayetumia kipimo cha katikati kwa kundi zima anazidisha sana. Hesabu mara tatu, kutoka pande zote mbili, uandike ya kati. Wakati buabua wamechanganyika nao, hesabu pratinkoli peke yao kwanza na uwaache buabua, usijumlishe halafu ukatoa. Wakiruka ghafla kabla hujamaliza, andika ulichofikia na alama ya "zaidi ya". Namba ya kubahatisha kutoka kundi linaloruka haimsaidii mtu.

Andika pia saa, hali ya maji, upepo, na upande wa mto. Wa mkufu wakiwemo wape mstari wao. Peleka kwenye eBird au Kenya Bird Map, hazina za mtandaoni za kumbukumbu za ndege, zote zinapokea kutoka simu. Na ukikaa asubuhi nzima usimwone hata mmoja, peleka orodha yako vile vile, yenye kila ndege uliyemtambua, na saa ulizokaa. Katikati ya Agosti, mafungu yote yakiwa yametazamwa, orodha isiyo na pratinkoli nayo ni habari.

Binti Mambrui

Na ukiwa unarudi kwa njia ya kijijini, kwenye majani mafupi kabla ya barabara, tembea polepole. Kuna ndege mdogo wa hudhurungi mwenye michirizi kifuani anayekimbia chini badala ya kuruka: Anthus melindae, aliyepewa jina la Malindi. Yeye si mgeni, yuko mwaka mzima, na watu wanampita wakikimbilia matatu.